Nafasi, Amana na Kufuli: Msamiati wa Ghala la Unyanyembe katika Kueleza Hitilafu za Mifumo ya Faili

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna ya kueleza kwa Kiswahili aina mbili za hitilafu zinazojitokeza katika mifumo ya faili ya kompyuta isiyoandika juu ya data ya zamani: hitilafu za hesabu ya nafasi na hitilafu za kufuli. Hoja kuu ni kwamba maneno matatu yaliyozoeleka katika violesura vya Kiswahili, yaani *futa*, *nafasi* na *funga*, yanaunganisha mambo ambayo mfumo wenyewe huyatenganisha. Msomaji anayeyategemea maneno hayo peke yake hawezi kuielewa hitilafu wala marekebisho yake. Makala yanarejelea msamiati wa utunzaji wa mali katika njia ya misafara ya Unyanyembe ili kuonesha kwamba Kiswahili kina maneno ya siku nyingi ya kutofautisha mali iliyopo, mali ya amana na mali iliyoahidiwa. Mwishoni zinapendekezwa istilahi chache na kupimwa kwa vigezo vya uundaji wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Tuchukulie kwamba mtunza nyaraka mjini Tabora ana diski yenye gigabaiti 100, na humo amehifadhi rekodi za sauti za wazee zenye ukubwa wa gigabaiti 60. Kabla ya kuanza kuzihariri anachukua picha ya hali, yaani anauamuru mfumo ukumbuke rekodi zote kama zilivyo wakati huo. Kisha anahariri sehemu yenye gigabaiti 10. Akitazama folda ya rekodi zilizohaririwa anaambiwa ina gigabaiti 60. Akitazama picha ya hali anaambiwa nayo ina gigabaiti 60. Jumla ni 120, ilhali diski ni ya 100. Baadaye anahitaji nafasi, anafuta folda nzima ya rekodi zilizohaririwa akitarajia kupata gigabaiti 60, lakini anapata 10 tu.

Katika mfano huu hakuna kilichoharibika, na kila tarakimu aliyooneshwa ni sahihi. Kilichomkwaza ni maneno. Neno *futa* limemwahidi jambo ambalo mfumo haukuahidi, na neno *nafasi* limetumika kwa vitu viwili tofauti bila kumwarifu. Iwapo siku nyingine mfumo huohuo utakuwa na hitilafu ya kweli, ukaripoti kwamba diski imejaa wakati haijajaa, hatakuwa na njia ya kutofautisha hali hiyo na hii ya kawaida. Anaweza kuendelea kufuta nyaraka zisizo na nakala nyingine popote, akiamini kwamba anatafuta nafasi.

Kazi ya kukipatia Kiswahili istilahi za kompyuta si ngeni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Juhudi za aina hiyo zimeshughulikia zaidi maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye vitufe na menyu. Lugha ya kueleza kinachotendeka chini ya vitufe hivyo, na hasa kinachoharibika, imepata nafasi ndogo. Makala haya yanaingia katika eneo hilo kwa kuchunguza uwanja mmoja mwembamba.

2.0 Ghala na Njia: Msamiati wa Unyanyembe

Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walipokelewa na Snay bin Amir, mmoja wa wafanyabiashara Waarabu waliokuwa wamekwisha kujenga makazi hapo. Kazeh ilikuwa kituo cha kati katika njia iliyotoka pwani, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji. Tawi lingine lilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda. Aghalabu wapagazi Wanyamwezi waliotoka pwani waliagana na msafara walipofika kwao, na ilibidi watafutwe wengine kabla ya safari kuendelea. Kwa sababu hiyo mali ilikaa. Ilishushwa, ikahesabiwa, ikawekwa ndani ya tembe na kusubiri wabebaji, au kusubiri njia ifunguke.

Mali iliyokaa ilihitaji maneno. Vitambaa vilihesabiwa kwa shuka, doti na jora, na mizigo ya uzito kwa frasila. Neno *mtumba*, ambalo leo wingi wake *mitumba* hutumika kwa nguo kuukuu zinazoingizwa kutoka nje, lilikuwa na maana ya robota la kubebwa. Muhimu zaidi kwa mjadala huu ni maneno yaliyotaja uhusiano wa mali na mwenyewe. *Akiba* ni mali iliyowekwa kwa ajili ya siku ya dhiki. *Amana* ni mali iliyopo mikononi mwa mtu ambaye si yake, naye hana ruhusa ya kuitumia. *Mali kauli* ni bidhaa ambazo mfanyabiashara hupewa kwa neno lake, alipe baada ya kuuza. Ulimwengu wa biashara hiyo unaonekana katika nathari ya Kiswahili ya mwanzo wa karne ya 20, kama vile tawasifu ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, iliyochapishwa na Heinrich Brode, na masimulizi yaliyokusanywa na Carl Velten katika *Safari za Wasuaheli* ya mwaka 1901.

Kutokana na maneno hayo, robota moja ndani ya ghala linaweza kuwa na hali zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Linaweza kuwapo ghalani, likawa amana ya mtu aliye safarini. Jingine linaweza kuwapo na huku limeahidiwa msafara utakaoondoka kesho. Anayehesabu marobota kwa kusimama mlangoni atapata idadi sahihi, lakini hatajua ni mangapi anayoweza kumpa mgeni aliyefika leo. Daftari la ghala lilikuwa na kazi ya kujibu swali hilo la pili.

Kisa kinachojulikana sana cha daftari la namna hiyo kuharibika kilitokea mwisho wa njia hii. David Livingstone aliporudi Ujiji kutoka Manyema mwezi Oktoba 1871, alikuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa zote. Kwa maelezo yake mwenyewe zilikuwa takriban yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga. Sherif, aliyekuwa amekabidhiwa bidhaa hizo, alidai kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Tukiacha kando suala la nia, muundo wa kosa uko wazi: mali iliachiliwa itumiwe na wengine wakati bado kulikuwa na mtu mmoja mwenye haki nayo. Kama tutakavyoona, hili ndilo kosa ambalo mfumo wa faili hulihofu kuliko yote.

3.0 Mfumo Unaoandika Kando

Mifumo mingi ya faili ya zamani huandika data mpya mahali palepale palipokuwa na data ya zamani. Njia hiyo ni nyepesi, lakini ina hatari. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, mahali hapo hubaki na mchanganyiko wa jipya na la kale, na huenda yote mawili yasisomeke. Ili kuepuka hatari hiyo yalibuniwa mifumo inayoliacha la kale lilivyo na kuandika jipya mahali pengine palipo wazi. ZFS ya kampuni ya Sun Microsystems iliufanya mtindo huo ujulikane katika muongo wa kwanza wa karne hii. Katika Linux, mfumo uitwao Btrfs ulianzishwa na Chris Mason wa kampuni ya Oracle mwaka 2007, ukijengwa juu ya utafiti wa Ohad Rodeh kuhusu miti ya data inayofaa kwa uandishi wa namna hii. Uliingizwa katika kiini cha Linux toleo la 2.6.29 mwaka 2009.

Jina la kimataifa la mtindo huu hutaja kunakili wakati wa kuandika. Tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa na neno *nakili*, nalo lingempotosha msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa *kunakili* humfanya afikirie vitu viwili vinavyofanana. Picha ya hali inapochukuliwa hakuna data inayorudufiwa. Na mabadiliko yanapofanywa, kiini cha jambo ni kwamba toleo jipya huandikwa kando ya lile la zamani, na la zamani haliguswi. Kwa hiyo makala haya yanatumia istilahi *uandishi wa kando*.

Hatua zake ni hizi. Data yote hufikiwa kupitia mti: mzizi huelekeza kwenye matawi, matawi kwenye majani, na majani hutaja vipande vya diski vyenye data. Kipande kipya kikiandikwa, jani linalokitaja nalo lazima liandikwe upya kando, kisha tawi linalolitaja jani hilo, hadi kwenye mzizi. Mabadiliko mengi hukusanywa katika muamala mmoja. Muamala ukikamilika hutiwa muhuri kwa kubadilisha rekodi moja tu, ile inayotaja mzizi ni upi. Kabla ya muhuri, mzizi wa zamani ndio unaotambuliwa. Umeme ukikatika, mfumo hurudi kwenye mzizi huo, na mti wake wote bado upo.

Kutokana na hayo, picha ya hali ni rahisi kuichukua: ni kuamua kutouachilia mzizi wa zamani. Mizizi miwili hushirikiana vipande vyote ambavyo havijabadilika. Kila kipande huwekewa hesabu ya marejeo, yaani idadi ya wanaokitaja. Kipande huweza kutumiwa tena hesabu hiyo inapofika sifuri na muamala ulioifikisha hapo kutiwa muhuri.

4.0 Hesabu ya Nafasi

4.1 Tatizo la *futa*

*Futa* ni kitenzi cha uso: tunafuta vumbi, tunafuta maandishi ubaoni. Kinachofutwa hutoweka na uso hubaki wazi papo hapo. Katika mfumo wa uandishi wa kando, kitendo hicho kimoja ni vitendo vitatu. Kwanza jina la faili huondolewa kwenye folda. Pili, kila kipande kilichotajwa na faili hiyo hupunguziwa rejeo moja. Tatu, vipande vilivyofika sifuri huachiliwa, lakini baada ya muhuri.

Sasa tarakimu za mfano wetu zinaeleweka. Folda iliyohaririwa na picha ya hali zilishirikiana vipande vya gigabaiti 50. Kila moja ilikuwa na gigabaiti 10 za peke yake: folda ilikuwa na toleo jipya, na picha ilikuwa na toleo la zamani. Diski ilikuwa na gigabaiti 70, si 120. Folda ilipofutwa, gigabaiti 50 za pamoja zilibaki kwa kuwa picha ya hali bado inazitaja, nazo 10 za peke yake zikaachiliwa. Mfumo wa Btrfs unaweza kutoa hesabu mbili kwa kila kundi, ile ya vyote vinavyotajwa na ile ya vilivyo vya peke yake. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita *ukubwa unaotajwa* na *ukubwa wa pekee*. Anayetaka kujua kufuta kutampa nini anapaswa kutazama ya pili.

4.2 Aina za nafasi

Neno *nafasi* lina upana mkubwa. Ni mahali, ni wasaa, ni fursa. Katika hesabu ya mfumo wa faili unahitajika ufinyu zaidi, kwani nafasi ya diski hugawanyika angalau katika hali nne.

Ya kwanza ni nafasi *iliyotumika*, ambayo ina data inayotajwa na angalau mtu mmoja. Ya pili ni nafasi *iliyoahidiwa*. Programu inapoandika, data hukaa kwanza katika kumbukumbu ya kompyuta na kupelekwa diskini baadaye. Lakini programu imekwisha kuambiwa kwamba uandishi umekubaliwa, hivyo mfumo lazima uweke ahadi ya nafasi mapema. Ya tatu ni nafasi *iliyoshikiliwa*: vipande vilivyokwisha kufika sifuri katika muamala unaoendelea, lakini haviruhusiwi kutumiwa hadi muhuri, kwa sababu umeme ukikatika mzizi wa zamani utavihitaji. Ya nne ni nafasi *huru*.

Hali ya pili ni jamaa ya mali kauli, na ya tatu ni amana. Anayeandika juu ya nafasi iliyoshikiliwa kabla ya muhuri anafanya lililofanyika Ujiji: anachukulia kwamba mwenye mali amekufa wakati anaweza kurudi.

Ipo pia akiba kwa maana yake kamili. Katika mfumo huu hata kufuta kunahitaji nafasi, kwa kuwa jani la mti lililobadilika lazima liandikwe kando. Diski iliyojaa kabisa isingeweza hata kupunguzwa. Kwa hiyo Btrfs hutenga akiba ya jumla ambayo maandishi ya kawaida hayaruhusiwi kuigusa, ili kazi za lazima kama kufuta ziweze kukamilika.

4.3 Hitilafu na marekebisho yake

Hali hizo zikitofautishwa, hitilafu za hesabu hujieleza. Hitilafu ya kwanza ni *uvujaji wa ahadi*. Programu inaomba nafasi, inaahidiwa, kisha kazi inashindikana njiani, kwa mfano kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta imekwisha. Msimbo unatoka kwa njia ya makosa bila kuirudisha ahadi. Kiasi kilichoahidiwa kinabaki daftarini ingawa hakuna anayekidai. Jambo hilo likirudiwa mara nyingi, mfumo husema umejaa wakati vipande vingi viko huru. Marekebisho ni kuhakikisha kila njia ya kutoka, ya ufanisi na ya makosa, inarudisha kilichochukuliwa. Pia mfumo hukagua wakati diski inapoondolewa kwenye matumizi: wakati huo hakuna kazi inayoendelea, hivyo ahadi zote lazima ziwe sifuri. Zisipokuwa hivyo, onyo huandikwa.

Hitilafu ya pili ni *urudishaji wa mara mbili*. Sehemu mbili za msimbo kila moja inadhani ni jukumu lake kurudisha ahadi ileile. Kihesabio kisichojua tarakimu hasi kikipunguzwa chini ya sifuri huzunguka na kuwa tarakimu kubwa kuliko zote. Kwa kihesabio cha biti 64, moja chini ya sifuri ni 18,446,744,073,709,551,615. Mfumo huweza kuamini kwamba umeahidi kiasi kisichowezekana, na kukataa kila ombi. Marekebisho hayapatikani kwa kukizuia kihesabio kisishuke, kwani kufanya hivyo ni kuficha kosa. Yanapatikana kwa kuamua ni nani mwenye ahadi katika kila hatua, na ni wakati gani ahadi inageuka kuwa matumizi.

Hitilafu ya tatu ni *upotevu wa badiliko*. Nyuzi mbili za utendaji zinasoma kihesabio kikiwa 40. Kila moja inaongeza 1 na kuandika 41. Vitendo vilikuwa viwili, lakini daftari limeona kimoja. Hapa hesabu haiwezi kurekebishwa bila kuleta kufuli.

5.0 Kufuli

*Funga* katika violesura vya Kiswahili ni kuondoka kwenye dirisha au programu. Kitenzi hicho pia hubeba maana za kuziba, kukaza kamba, kutia gerezani, kushinda kwa bao na kuacha kula mchana. Kwa kuzuia nyuzi mbili zisiguse daftari moja kwa wakati mmoja, nomino *kufuli*, iliyotoka katika Kiarabu, ni angavu zaidi, kwa sababu inataja chombo chenye mshikaji. Swali la hitilafu za aina hii huwa ni nani analishika kufuli na ni nani analingoja. Kwa hiyo vitenzi vinavyofaa ni *shika*, *shikilia*, *achia* na *ngoja*.

Kufuli huwa la aina mbili. *Kufuli la pamoja* hushikwa na wasomaji wengi kwa wakati mmoja. *Kufuli la pekee* hushikwa na mwandishi mmoja, na wengine wote hungoja. Katika mti wa data, makufuli hushikwa kuanzia mzizini kuelekea majani. Anayepanda kinyume na utaratibu huo hukutana njiani na anayeshuka: kila mmoja ameshika anachohitaji mwenzake.

Hali hiyo huitwa kwa kawaida mkwamo, lakini neno hilo linataja matokeo tu. Gari hukwama matopeni bila kumngoja yeyote. Kiswahili kina kiambishi cha kutendana *-an-*, na *kungojana* kinasema sababu: kila mshiriki ni mngojaji na mngojwaji. Kiambishi hicho hakihitaji washiriki wawili pekee. A akimngoja B, B akamngoja C, na C akamngoja A, bado tunasema wanangojana. Kwa usahihi, *mkwamo wa kungojana* kinaizidi tafsiri yoyote inayotaja kifo au ugumu wa kufuli.

Hesabu na kufuli hukutana katika hitilafu inayojulikana vyema miongoni mwa waandishi wa mifumo hii. Uzi mmoja unashika kufuli la sehemu fulani ya faili. Ukiwa bado umelishikilia, unaomba nafasi. Mfumo unaangalia daftari na kuona kwamba nafasi huru haitoshi, lakini ahadi ni nyingi. Ahadi nyingi hukadiriwa juu ya mahitaji halisi, hivyo mfumo unaamua kuzitimiza: unaamuru data iliyo katika kumbukumbu iandikwe diskini ili ziada irudi. Miongoni mwa data hiyo imo ya sehemu ileile ya faili. Uzi wa kuandika unahitaji kufuli lile. Wa kwanza anangoja nafasi, wa pili anangoja kufuli, na hakuna atakayesogea. Kwa mtumiaji, kompyuta imeganda, na diski haioneshi kosa lolote.

Tatizo hili lingeeleweka kwa mtunza ghala wa Kwihara: mwenye ufunguo amekaa mlangoni akisubiri ghala lipungue, na wapagazi waliokuja kuyatoa marobota wanasubiri mlango ufunguliwe. Dawa yake haimo katika kuongeza ukubwa wa ghala. Imo katika utaratibu: nafasi iombwe kabla ya kufuli kushikwa, au kufuli liachiwe kabla ya kuomba. Inapobidi kuomba huku kufuli limeshikiliwa, mfumo uambiwe usiiguse faili hiyo unapotafuta nafasi.

Kwa jumla, makufuli yote hupangiwa mfuatano mmoja, na kila uzi hulazimika kuyashika kwa mfuatano huo. Tangu mwaka 2006 kiini cha Linux kina chombo kinachofuatilia mfuatano wa kushika makufuli na kutoa onyo pale unapokiukwa, hata kama mkwamo wenyewe haujatokea. Faida yake ni kwamba kosa linaonekana kwenye meza ya mwandishi wa programu kabla halijafika kwenye diski ya mtunza nyaraka.

Ni vyema pia kutofautisha mkwamo wa kungojana na njia iliyofungwa. Mwaka 1871, vita kati ya Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara wa Unyanyembe vilipofunga njia ya kawaida ya Ujiji, Henry Morton Stanley aliondoka Kwihara mwezi Septemba kwa kuzunguka upande wa kusini, akafika. Palipo na njia nyingine, anayengoja anaweza kuchagua. Katika kungojana hakuna njia ya kuzunguka hadi mmoja aachie alichoshika. Kuyaita yote mawili *kufungwa* ni kumnyima mrekebishaji habari anayoihitaji kwanza.

6.0 Istilahi Zinazopendekezwa

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea kupima istilahi kwa vigezo vya PEGITOSCA, miongoni mwavyo usahihi, iktisadi, uangavu, uwiano wa kimfumo na kukubalika. Kwa vigezo hivyo, makala yanapendekeza yafuatayo.

*Uandishi wa kando* kwa mtindo wenyewe. Ni istilahi fupi, na inazalisha vitenzi bila taabu: *andika kando*, *kimeandikwa kando*.

*Ondoa* kwa kitendo cha mtumiaji cha kulitoa jina la faili, na *achilia* kwa kitendo cha mfumo cha kukirudisha kipande kwenye nafasi huru. *Futa* libaki kwa hali ambapo data yenyewe inafutika kweli. Pendekezo hili lina ugumu kwa kigezo cha kukubalika, kwani *futa* limekwisha kuenea. Angalau katika maelezo ya kitaalamu na katika jumbe za makosa, tofauti hiyo izingatiwe.

*Nafasi iliyotumika*, *iliyoahidiwa*, *iliyoshikiliwa* na *huru* kwa hali nne za daftari, na *akiba* kwa kile kilichotengwa kwa kazi za lazima. Katika kundi hili kigezo cha uwiano wa kimfumo kimetimia: istilahi tatu za kwanza zimeundwa kwa kitenzi, ya kwanza katika kauli ya kutendeka na mbili zinazofuata katika kauli ya kutendwa, na kila moja inamfanya msomaji aulize aliyetenda. Nani ametumia? Nani ameahidi? Nani ameshikilia? Hayo ndiyo maswali ya mrekebishaji.

*Kufuli la pamoja*, *kufuli la pekee* na *mkwamo wa kungojana* kwa upande wa pili. Neno *amana* halikupendekezwa kuwa istilahi, ingawa limetusaidia kueleza. Lina uzito wa kidini na kisheria, na lingebebeshwa katika jumbe za mfumo maana ambayo mashine haina. Si kila neno linalofaa kufafanulia dhana linafaa kuwa jina lake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamechunguza hitilafu za hesabu na kufuli katika mifumo ya uandishi wa kando, na kuonesha kwamba ugumu wa kuzieleza kwa Kiswahili hautokani na upungufu wa maneno. Unatokana na kukubali kwamba neno moja la kitufe, kama *futa* au *nafasi*, litoshe pia kwa maelezo ya undani. Wafanyabiashara na watunza mali wa Unyanyembe hawakuweza kutosheka na neno *mali* peke yake. Ilibidi wajue ipi ni ya nani, ipi imeahidiwa na ipi haiguswi. Tofauti hizo bado zimo katika lugha.

Mtunza nyaraka tuliyeanza naye hahitaji kuwa mwandishi wa programu. Anahitaji ujumbe unaomwambia kwamba nafasi haijawa huru kwa sababu picha ya hali bado inavitaja vipande vilevile, na kwamba kinachofaa kuamuliwa kwanza ni kama picha hiyo bado inatakiwa. Akiambiwa hivyo kwa lugha yake hatafuta rekodi nyingine. Watakaoandaa violesura, miongozo na kamusi za fani hii wanaweza kuanzia hapo, kwa kuzijaribu istilahi hizi mbele ya watumiaji wenyewe kabla ya kuzipeleka kwenye usanifishaji.